Picha ya Mikono

"Ukimrudisha mwenzio na mkwaruzo hata mmoja, wewe na hiyo kamera yako mtanitambua," mama yao alisema, amesimama mlangoni na mwiko mkononi.

Wakili aliitikia bila kugeuka. Nyumbani walimpa jina hilo tangu utotoni, siku alipomtetea paka aliyeiba nyama, akatetea kwa hoja nzito mpaka paka akasamehewa na baba akaomba radhi kwa kupandisha sauti. Sasa alikuwa chuoni, kwenye timu ya mdahalo, na mtu hakuonewa mbele yake akakosa msemaji. Mwisho wa juma alipiga picha bidhaa za watu: sabuni, viatu, mikoba. Jioni hiyo zilikuwa kofia.

Nyuma yake alikuja mdogo wake, Kitinda, mziwanda wa nyumba ile, akiburuta miguu na begi la taa begani.

"Dada, humu umetia mawe?"

"Ni taa. Zibebe kwa heshima, zina thamani kukuzidi."

"Basi ziambie zitembee zenyewe."

Jua lilikuwa limeinama, limegusa mapaa. Wenye maduka walikuwa wanashusha milango ya chuma, mmoja baada ya mwingine, kelele zake zikifuatana barabara nzima. Wakili aliongeza mwendo. Mwenye kofia ndiye aliyechagua saa hiyo, na kwa mpiga picha haikuwa neno. Taa zake zilimtosha. Jua la mchana humwaga mwanga ovyo, humharibia mtu kazi.

Mwenye kofia mwenyewe alijulikana mtandaoni kwa jina la Mama Kofia. Ukurasa wake ulikuwa na sentensi moja tu juu kabisa: *Kila kofia nimeishona kwa mikono yangu.* Wakili aliipenda sentensi hiyo. Mwanamke na jasho lake, bila kampuni kubwa, bila mwanamume wa kumsainia. Alikuwa amekubali kazi kwa moyo mweupe.

Karakana ilikuwa juu ya duka la vitambaa lililofungwa siku nyingi. Ngazi zilikuwa nyembamba, ukuta umechubuka. Kadiri walivyopanda, harufu ilizidi. Sufu iliyolowa. Mvuke wa pasi. Na chini ya hizo, harufu ya chumba ambacho watu wengi wamelala na madirisha hayajafunguliwa.

Mlango ulifunguliwa kabla hawajagonga.

Alikuwa mwanamke mrefu, amevaa gauni jeupe lisilo na doa. Kichwani hakuwa na kofia. Alisema kwa sauti ya chini, kama mtu aliyemlaza mtoto chumba cha pili.

"Karibuni, wanangu. Lakini msivuke kwanza. Humu kila mgeni hupimwa kichwa."

Alitoa uzi mwekundu kutoka kiganjani. Haukuwa na alama za kipimo wala namba. Kitinda, ambaye hajui kukataa kitu, aliinamisha kichwa akicheka. "Unanitekenya, mama." Uzi ukamzunguka paji, ukapita juu ya masikio, ukakutana kisogoni. Mama Kofia akapiga fundo mahali ulipokutana.

"Kichwa kizuri," alisema. "Hakina mzigo."

"Hata mwalimu wa hesabu alisema hivyo hivyo," Kitinda akajibu.

Kisha ikawa zamu ya Wakili. Wakili akarudi nyuma hatua.

"Samahani, mama. Mimi sikuja kununua kofia, nimekuja kuzipiga picha. Na vipimo vya mwili wangu ni vyangu."

Kitinda alimkanyaga mguu kwa aibu. Mama Kofia hakukasirika. Alimtazama Wakili kwa namna fundi anavyotazama kitambaa kigumu, akiwaza kitakatwa kwa mkasi gani.

"Sawa, mwanangu. Humu hakuna anayelazimishwa."

Wakaingia.

Chumba kilikuwa kirefu, dirisha moja pana upande wa barabara. Katikati kulikuwa na meza, kigoda kifupi, na kioo kikubwa cha fremu nyeusi ambacho wateja hujitazamia. Kofia zilijaa kila mahali. Za sufu, za ukili, zenye ukingo mpana, zenye ukingo mfupi, zimepandana mpaka darini. Zilikuwa nzuri. Wakili alishika moja akaigeuza ndani, akatafuta mshono. Mishono ilikuwa midogo na imelingana, utadhani mchwa ndio walioipanga.

Ukuta wa nyuma ulikuwa na rafu, na kwenye rafu kulikuwa na vichwa vya mbao, vile ambavyo mafundi huvuta juu yake sufu ya moto ili kofia ipate umbo. Vyote vilikuwa vimegeuzwa, vimeelekea ukutani. Kila kimoja kilikuwa kimefungwa uzi mwekundu.

"Mbona wamenuna?" Kitinda aliuliza.

"Wanapumzika," alisema Mama Kofia. Alikitoa kimoja kisicho na uzi, kipya, mbao yake bado nyeupe. Akakivika uzi wa Kitinda. Ukakaa sawasawa.

Wakili hakuona. Alikuwa kwenye kazi yake, na Wakili akiwa kazini huwa kipofu wa mambo mengine yote. Mwanga wa machweo ulikuwa unapenya dirishani, mwekundu, unazichafua rangi za kofia. Akatoa vitambaa vyake vizito vyeusi na selotepu. Akaziba dirisha. Akaona mwanga mwembamba unachungulia pembeni mwa mlango, akauziba na mlango, juu hadi chini. Kitinda alimshikia pembe.

"Sasa hata inzi hatoki," Kitinda alisema.

"Hiyo ndiyo kazi."

Aliwasha taa moja tu, kushoto kwa meza. Akapanga. Kofia ya sufu ya rangi ya zambarau mbele, tawi kavu pembeni, kioo nyuma kidogo ili mgongo wa kofia uonekane. Akaiweka kamera kwenye stendi, akainama, akajifunika kichwa kwa kitambaa cheusi kilichobaki ili aione skrini bila mng'ao.

Klik.

Alipenda giza lile la chini ya kitambaa. Dunia yote inabaki kisanduku kimoja, nawe ndiye unayeamua nani yumo na nani hayumo.

Klik. Klik.

Kitu kikamgusa paji la uso.

Chepesi. Kama utando wa buibui. Kikamtambaa juu ya masikio... kikapotea. Alijifuta kwa mkono na kuendelea. Vyumba vya zamani havikosi buibui.

Kwenye skrini, kitu kingine kilimkera zaidi. Taa ilikuwa kushoto, kwa hiyo kivuli cha kofia kilitakiwa kiangukie kulia. Kiliangukia kulia. Lakini hakikuishia kwenye ukingo. Chini ya kivuli cha kofia kulikuwa na kivuli cha shingo. Chini ya shingo, mabega.

Akatoa kichwa nje, akatazama mezani. Kofia. Tawi. Meza tupu.

"Kitinda, sogea, unaniingilia kivuli."

"Niko huku, Dada." Sauti ilitoka nyuma yake kabisa.

Hapo ndipo alipozisikia sindano.

*Ts... ts... ts...*

Ukutani. Upande wa pili wa rafu. Sauti ya uzi ukivutwa kwenye sufu nzito, si uzi mmoja, nyuzi nyingi, zikienda pamoja.

"Mafundi wako bado wapo?" Wakili aliuliza.

"Hawatoki mapema," alisema Mama Kofia.

Wakili alinyanyua kichwa. Mafundi? Sentensi ya kule mtandaoni ilimrudia, na kitu ndani yake kikasimama, kile kile kinachomsimamisha ukumbini kabla mpinzani hajamaliza kusema.

"Tupige picha ya mikono," alisema, akimtazama usoni. Kazi ya mikono haiuzwi bila picha hiyo; kila mpiga picha wa bidhaa anajua. Sindano, uzi, vidole vya fundi. "Kaa kwenye kigoda, mama. Shona kama unavyoshona siku zote."

Mama Kofia aliileta mikono yake kwenye mwanga.

Ilikuwa laini. Laini kama ya mtoto mchanga. Haikuwa na sugu, wala kovu, wala kidole kilichopinda. Alijaribu subana, ile kofia ndogo ya chuma ambayo mshonaji huvaa kidoleni asichomwe. Hakujua hata inakaa kidole gani.

"Hujawahi kushika sindano," alisema Wakili.

"Dada..." Kitinda alinong'ona.

"Niache. Umeandika mbele ya dunia nzima, *kwa mikono yangu.* Mikono ya nani? Wanaoshona ni nani humo ndani? Wanalala wapi? Majina yao yako wapi kwenye kofia hizi?"

Mama Kofia alitabasamu kidogo. "Una sauti nzuri, mwanangu. Lakini picha ni picha. Mikono yoyote inafaa." Akageuka. "Wewe binti mcheshi. Hebu kaa wewe kwenye kigoda, dada yako amalize kazi mkale."

Na Kitinda, mpenda amani, ambaye alichukia ugomvi kuliko njaa, akakaa.

Wakili alitaka kupinga. Lakini alimjua mdogo wake: skuli alifunga sketi kwa pini muhula mzima kwa kushindwa kushona kifungo. Akaona ni mzaha. Picha moja, kisha waondoke, kisha kesho amwandikie mama huyu makala ya kumtoa jasho. Akainama kwenye kamera.

Kitinda akavaa subana. Ikamkaa kama imetengenezwa kwa kidole kile.

Akashika sindano. Akaivuta.

*Ts...*

Mshono wa kwanza ulitoka umenyooka. Wa pili ukalingana na wa kwanza. Wakili alipiga picha, akapiga tena. Vidole vilikuwa vinakwenda kwa ustadi, vinaingia, vinatoka, uzi unapiga upinde hewani na kurudi. Hata vilipodondosha damu havikusita; vilikuwa vizuri mno kuvitazama, ikamchukua muda kukumbuka vilikuwa vidole vya nani.

"Wee, umejifunzia wapi?"

Uso wa Kitinda ulikuwa umelowa machozi. Macho yalimwangalia dada yake, makubwa. Chini ya macho hayo mikono ilikuwa inashona peke yake.

"Dada... siwezi kuacha."

"Acha mzaha."

"Siwezi kuacha."

*Ts. Ts. Ts.*

Kule ukutani zile sindano nyingine zilikuwa zimebadili mwendo. Zilikuwa zinakwenda pamoja na yake.

Wakili aliirukia ile mikono. Aliishika kwa nguvu zake zote. Ilikuwa ya moto, na ilimburuta naye, juu, chini, juu, chini, kama mtu aliyeng'ang'ania mashine. Sindano ikamchoma kiganja. Akauma uzi kwa meno. Haukukatika. Akachukua mkasi mezani, akabana. Mkasi ukatafuna, ukateleza.

"Inuka! Inuka twende!"

"Miguu haisikii, Dada..."

Akambeba. Alijaribu. Msichana mwepesi yule, aliyekuwa akimbeba mgongoni mwaka juzi tu, alikuwa mzito kama ameota mizizi sakafuni.

Mlango. Afungue mlango apige kelele, watu waje. Alikimbilia pale alipoubandika mlango kitambaa. Akapapasa kutafuta kitasa chini ya nguo nyeusi. Kitambaa kilikuwa kirefu kuliko alivyokibandika. Alipapasa kulia. Kushoto. Selotepu, nguo, selotepu. Akakutana na kitu kigumu, cha duara. Akakishika kwa nguvu, akakizungusha.

Hakikuwa kitasa.

Ilikuwa pua.

Chini yake, midomo. Ya mbao. Ilikuwa na joto, na ilikuwa inatikisika kidogo, kama midomo ya mtu anayesali kimoyomoyo.

Wakili alirudi nyuma akaangusha stendi ya taa. Taa haikuzima, ililala chini ikimulika juu, na vivuli vikapanda ukutani. Chumba kizima kilikuwa na mabega ya watu. Kwenye rafu, vichwa vilikuwa vimegeuka. Vilikuwa vya wasichana. Mmoja alikuwa na kovu dogo kwenye nyusi, lililochongwa kwa uangalifu. Mwingine alikuwa na shavu lililobonyea upande, kama mtu aliyelalia mkono. Hakuna mchongaji anayebuni mambo ya namna hiyo.

Na cha mwisho, kile cheupe, kilikuwa kimeanza kuota pua ya Kitinda.

"Usihangaike na mlango," alisema Mama Kofia. Alikuwa amesimama pale pale, mikono yake laini imekunjwa tumboni. "Uliuziba mwenyewe."

"Mwachie."

"Sikumshika. Uliniona nimemshika? Alipimwa akicheka. Alikaa kwa miguu yake. Wote walikaa wenyewe."

"Hakujua anakubali nini!" Sauti ilimpasuka Wakili. "Mtu akikubali asilolijua hajakubali! Huo ni wizi!"

"Maneno mazuri." Mama Kofia aliinua kidevu kuelekea kile kichwa chenye kovu. "Yule naye aliyasema. Karibu hayo hayo. Anashona ukingo siku hizi. Hana mfano."

Kitinda alikuwa ameanza kunyamaza. Hilo ndilo lililomtisha Wakili kuliko pua za mbao. Machozi yalikuwa yamekatika. Uso ulikuwa unatulia, unalainika, unakaa vizuri kama sufu iliyopigwa mvuke. Damu ilimtoka vidoleni, ikanywewa na kofia ya zambarau bila kuacha doa.

Fikiri. Wakili alijiambia, fikiri, ndicho unachokiweza. Akajilazimisha kufanya kama ukumbini: asitazame hasira yake, amtazame mpinzani. Anataka nini? Anakosa nini?

Kofia. Zimejaa mpaka darini.

Zimejaa kwa sababu haziondoki.

Aliruka kwenye kamera, akafungua kifuniko, akachomoa kadi ya picha. Akaiweka katikati ya meno.

"Naivunja," alisema, meno yamebana. "Kila picha ya leo imo humu. Naivunja na kumeza vipande."

Kwa mara ya kwanza Mama Kofia alifumba macho na kufumbua.

"Una mikono ya kushona, tele," Wakili aliendelea, akaitoa kadi mdomoni na kuikunja kidogo kwa vidole, kiasi cha kuonyesha. "Ukuta mzima. Wanashona usiku na mchana, na kofia zinalala hapa zinaliwa na vumbi. Hakuna anayeziona. Ukurasa wako una sentensi moja na picha za giza giza ulizopiga mwenyewe. Ukimchukua mdogo wangu utapata kofia za kuongeza kwenye vumbi. Hoja yako haina miguu. Humhitaji!"

Hata sindano za ukutani zilikwenda polepole, kama zinasikiliza.

"Kwa hiyo ninachokosa," Mama Kofia alisema taratibu, "si mikono ya kushona."

"Sio!"

"Ninachokosa ni mikono ya kupiga picha."

"Ndiyo!" Wakili alipaza sauti. Moyo ulimruka. Aliijua sauti ile, sauti ya mtu anayekubali hoja. "Ndiyo. Hicho tu. Kwa hiyo mwachie."

Mwanamke yule alimtazama kitambo. Kisha akacheka, kicheko kidogo, cha kweli, karibu cha mapenzi.

"Umenishinda, mwanangu."

Akaenda kwenye rafu. Akalivuta fundo kwa kucha moja. Uzi wa Kitinda ukafunguka kwenye kile kichwa cheupe na kuanguka sakafuni.

Sindano ikamponyoka Kitinda. Alilia kwa sauti kubwa, kilio cha mtoto, akaanguka mikononi mwa dada yake, mwepesi kama zamani. Na pale penye kitambaa, kitambaa kilikuwa kimebanduka pembe moja, na kitasa kilikuwa mahali pake, kitasa cha kawaida kilichochakaa rangi.

Wakili hakuokota taa. Alikwapua kamera na mdogo wake. Akiwa ngazi ya kwanza alisikia sauti ile ya chini nyuma yake.

"Utanitumia picha."

"Hata moja sikutumii!" alijibu bila kugeuka. "Hata moja!"

"Utanitumia," ilisema sauti, bila ubishi wowote.

Nje, barabara ilikuwa ile ile. Redio ya mtu ilikuwa inaimba dirishani. Hata giza lilikuwa halijakolea.

Mama yao aliviona vidole vya Kitinda kabla hata hawajavua viatu. Alipiga kelele, akachemsha maji, akaosha, akafunga kitambaa kidole kimoja kimoja, akimtukana Wakili kila alipofunga fundo. Wakili alikubali yote. Kitinda alisema mlango wa chuma ulimbana. Hakuna ambaye angesadiki lile lingine. Alikula, akalala. Asubuhi aliomba chai na kulalamika kwamba haina sukari, na Wakili aliposikia lalamiko hilo alikwenda uani akalia peke yake kwa furaha.

Alikuwa amemrudisha. Kwa mdomo wake tu, bila mkasi, bila mganga, bila kumpigia mtu magoti. Alimshinda yule mwanamke kwa hoja.

Na hakutaka iishie hapo. Kulikuwa na yule mwenye kovu la nyusi. Kulikuwa na ukuta mzima. Baada ya chai alijifungia chumbani, akafungua kompyuta, akaitia ile kadi. Angeichukua picha ya mikono, mikono ya Kitinda inayotoka damu, aiweke mtandaoni, juu yake aandike: *Mikono ya nani?* Watu waulize. Wazazi waliopoteza mabinti waulize. Waje wengi, mchana kweupe, wabomoe ukuta.

Picha zikafunguka. Zilikuwa nzuri, potelea mbali, zilikuwa nzuri kuliko zote alizowahi kupiga. Alianza na zile za mwanzo. Kofia ya zambarau. Tawi kavu. Kioo nyuma.

Kioo.

Mpiga picha yeyote wa bidhaa, hata wa jana, hukagua kioo kabla ya kubonyeza. Hutazama asije akajipiga mwenyewe. Wakili hakukagua. Alikuwa chini ya kitambaa, anakodolea kivuli.

Akaikuza picha. Akaikuza tena.

Ndani ya kioo alijiona ameinama kwenye kamera, kichwa kimefunikwa nguo nyeusi. Nyuma yake alisimama mtu mwenye gauni jeupe. Mikono miwili laini ilikuwa imeingia chini ya kitambaa, kila upande mmoja. Na katikati ya mikono hiyo, umemzunguka paji, umepita juu ya masikio... uzi mwekundu.

Mwanamke yule hakuwa anamtazama Wakili. Alikuwa anatazama lenzi.

Wakili aligusa paji lake. Palikuwa pakavu, pamebana kidogo, kama alivaa kofia muda mrefu na sasa ameivua.

*Humu hakuna anayelazimishwa.* Alipimwa kabla ya mdahalo. Kabla hajafungua mdomo. Fundo lilikuwa limeshapigwa, na kilichokuwa kimebaki ni mtu wa kusema kazi yake itakuwa ipi.

Akajisikia mwenyewe, sauti yake kali, yenye kushinda: *Ndiyo. Hicho tu.*

Alitaka kuifunga kompyuta. Mkono wake wa kulia haukuinuka kutoka kwenye kipanya. Ulikisogeza. Ukachagua brashi ya kufutia, ukaichagulia saizi, kwa ustadi, bila kusitasita. Ukaenda kwenye kioo, ukaanza. Gauni jeupe likafutika na kuwa ukuta. Mikono laini ikafutika. Uzi ukafutika, unyuzi kwa unyuzi, kwa subira kubwa.

*Klik... klik... klik...*

Picha iliyofuata ilifunguka. Mikono ya Kitinda. Kidole cha Wakili kikaondoa damu tone kwa tone, kikaulainisha mkwaruzo, kikaongeza mwanga kidogo kwenye sindano. Ilipendeza. Mtu yeyote angetamani kofia ile.

Alijaribu kupiga kelele. Alijaribu kusimama. Kiti kilikuwa laini na miguu ilikuwa mbali, mbali sana.

Mlango ukagongwa. Kitinda akachungulia, vidole vimefungwa vitambaa vyeupe kama midoli midogo iliyovishwa nguo.

"Dada, mama anakuita. Anasema uache hiyo mashine uje ule."

Dada yake hakugeuka. Kwenye skrini, mkono ulikuwa umefika mwisho, umeziteua picha zote, na ulikuwa unaelekea pale pa kutuma.

"Dada?"

"Siwezi kuacha," alinong'ona Wakili.

*Klik.*